Likizo ya Familia Milimani: Tunamtembelea Nani?

Shule zifungwapo mwezi Juni, familia nyingi zinazoishi mijini hurudi kwenye milima ya Ngara na vijiji vya Biharamulo. Siku chache kabla, tarehe 31 Mei, Kanisa huadhimisha Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Mwinjili Luka anasimulia kuwa Maria alikwenda kwa haraka hadi nchi ya milima, akakaa na jamaa yake mzee yapata miezi mitatu. Safari hiyo inatufundisha namna ya kupumzika.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2184, inafundisha kwamba mapumziko yatuwezeshe kustawisha maisha ya kifamilia, kiutamaduni, kijamii na kidini. Hayahitaji hoteli. Mtoto aliyeyaona maporomoko ya mto Kagera pale Rusumo, kisha akala ndizi na maharage akimsikiliza babu yake, amepumzika na ameijua asili yake.

Hata hivyo, pumziko la mgeni lisigeuke mzigo wa mwenyeji. Mara nyingi bibi huachiwa wajukuu, naye ndiye achotaye maji, atafutaye kuni na kumenya ndizi za wote. Maria hakwenda kwa Elizabeti ili ahudumiwe. Basi, tusifike mikono mitupu: tubebe sukari, chumvi na sabuni. Vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, washike kisu na ndoo. Nasi wazazi tusiwatume watoto tu, bali tukae nao, na Jumapili tuwasindikize wazee wetu Misani.