Ng'ombe yuko mita 35 mbele: breki au usukani?

Chukulia unaendesha kutoka Tarime kwenda Mugumu, umeshapita Nyamongo. Ghafla ng'ombe anaingia barabarani, mita 35 mbele yako. Utafanyaje?

Kabla breki hazijashika, jicho lazima limwone, ubongo uamue, mguu utoke kwenye mafuta. Kwa dereva wa kawaida hiyo ni kama sekunde 1.5, na muda wote huo gari halijapunguza mwendo hata kidogo.

Tupige hesabu, tuseme ni lami kavu. Kwa spidi 50, gari linakula mita 21 kabla ya breki, kisha 14 hivi hadi kusimama. Jumla 35: umeponea chupuchupu. Kwa spidi 80, mita 33 zimekwisha hata breki hazijashika. Utamgonga ukiwa karibu na 80 ileile!

Je, ukwepe? Usukani unasaidia pale tu pembeni palipo wazi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikata kulia unaweza kukutana uso kwa uso na bodaboda. Kwenye changarawe ndiyo kabisa: matairi yanateleza, gari linaweza kupinduka.

Basi usitegemee wepesi wa mguu. Ukiona mchungaji au kinyesi kibichi barabarani, jua mifugo iko karibu. Punguza mwendo, weka mguu tayari juu ya breki. Ukiokoa nusu sekunde tu kwa spidi 50, umepata mita 7. Hizo zinatosha kumwacha mchungaji mtoto avuke.