Kibao cha Simu Hakishiki Mtandao? Angalia Bendi Kwanza

Ndugu na dada katika vikundi, siku hizi kuna vibao vidogo vya simu ambavyo fundi huunganisha na Arduino, ule ubongo mdogo wa kupima mambo. Kikifungwa kwenye tangi, maji yakishuka kinamtumia mwenyekiti ujumbe. Kazi nzuri sana, lakini mara nyingi kibao kinagoma siku ya kwanza.

Mwaka jana akina mama fulani wanaouza maji walituita. Walichanga pesa wakanunua kibao cha SIM800L kilichokuwa kimetumika ng'ambo. Taa yake ikawa inawaka na kuzima kila sekunde, siku mbili, usiku na mchana. Mweka hazina alikuwa ameshaanza kuandika majina ya mchango wa pili! Na tangi likikauka usiku bila habari, wateja wa asubuhi huenda mtoni.

Kwanza jueni kusoma hiyo taa. Ikiwaka mara moja kila sekunde, kibao bado kinatafuta mtandao. Ikiwaka mara moja kila sekunde 3, kimeshashika.

Sasa, kwa nini kitafute tu? Fikiria redio yako. Ukiiweka kwenye SW huwezi kupata kituo cha FM hata ukizungusha sauti mpaka mwisho. Simu ni vivyo hivyo. Hapa Kenya mtandao wa 2G uko kwenye bendi ya 900 na ya 1800. Marekani walitumia 850 na 1900. SIM800L inaweza zote nne, lakini inasikiliza zile ilizoamriwa, na amri hiyo inakaa ndani hata ukitoa betri mwezi mzima. Kampuni ya AT&T ya huko ilizima 2G yake tarehe 1 Januari 2017, kwa hivyo si ajabu vibao vya namna hii kuuzwa tena.

Ili kurekebisha, fundi aunganishe kibao na kompyuta, afungue dirisha la kuandikia amri kwa kasi ya 9600, aandike AT. Kikijibu OK, mnaelewana. Halafu aulize:

AT+CBAND?

Kile cha akina mama kilijibu PCS_MODE, yaani 1900 peke yake. Hapo tulicheka. Tuliandika:

AT+CBAND="EGSM_DCS_MODE"

Hiyo ni 900 pamoja na 1800. Alama za kufunga na kufungua zisisahaulike, bila hizo kitajibu ERROR. Subiri dakika moja hivi, kisha uliza AT+CREG? Jibu likiisha na 1, kimeingia kwenye mtandao wa laini yako. Likiisha na 2, bado kinatafuta. Likiisha na 3, mtandao umekikataa, na hilo si jambo la bendi: angalia kama laini imesajiliwa na bado inafanya kazi. Ukitaka kujua nguvu ya mtandao, andika AT+CSQ. Namba ya kwanza huenda kutoka 0 hadi 31. Chini ya 10 ni hafifu, na 99 ni kwamba hakuna kinachosikika.

Wengine huuliza, je, tufunge 900 peke yake? Masafa ya 900 hufika mbali kuliko 1800, na huko mashambani mara nyingi ndiyo mnayoyapata. Lakini mimi nashauri muache zote mbili. Leo umefunga moja, kesho mtambo wa karibu unabadilishwa, nawe umeshasahau ulichoandika. Afadhali muangalie waya wa antena: kwa 900, robo ya wimbi ni kama sentimita 8. Mkiukata mfupi kupendezesha sanduku, mmejinyima mtandao wenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulidhania bendi, kumbe ni stima. Kibao hiki kinataka volti 3.4 hadi 4.4, na wakati wa kutuma kinaweza kuvuta ampea 2 kwa ghafla. Kikilishwa kutoka kwenye Arduino moja kwa moja kitazimika na kuwaka tena, kuzimika na kuwaka. Kipeni betri yake, na kapasita kubwa karibu nacho.

Tena tahadharini mnaponunua. Amri huchagua tu kati ya bendi zilizotengenezwa ndani ya kibao. SIM7000A, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani na haina 2G yetu kabisa. Hicho hata fundi wa Nairobi hataweza kukigeuza. Someni herufi ya mwisho kabla ya kutoa pesa.

Wale akina mama walipata ujumbe wa kwanza jioni ile ile: tangi robo. Mmoja akaenda kuwasha pampu. Amri yenyewe wameiandika nyuma ya kitabu cha mweka hazina, kwa wino.