Midundo Usiku: Tukae na Watoto Wetu

Wengi wetu huwasikia watoto wakigongagonga kompyuta usiku. Yamkini ni mchezo uitwao osu!, uliotungwa na Dean Herbert wa Australia mwaka 2007 kwa kuiga mchezo wa Kijapani wa Nintendo DS wa mwaka 2005. Hutolewa bure. Maduara hutokea kwenye kioo, na mchezaji huyagonga sawia na mdundo. Wachezaji wenyewe ndio wanaozipangia nyimbo maduara hayo, na wenzao huikagua kazi.

Upangaji huo wafunza subira na usikivu. Lakini baadhi ya nyimbo hazitufai, na akeshaye hupitwa na sala ya Alfajiri. Tusikemee tu, wala tusifumbe macho: tuketi nao, tusikilize, tuwekeane saa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.