Mjamzito sikio likizima ghafla, msisubiri ajifungue!

Leo naomba tuongelee masikio.

Dada yangu akiwa na mimba ya miezi saba aliamka asubuhi sikio la kushoto halisikii kitu. Linavuma tu kama redio iliyopoteza stesheni, na kizunguzungu juu. Nyumbani wakasema ni mimba hiyo, itapita. Bibi akaleta mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Siku 5 zikakatika hivyo hivyo.

Kumbe ile ni dharura jamani! Usikivu ukishuka desibeli 30 au zaidi ndani ya saa 72, mara nyingi sikio moja, shida huwa iko ndani kabisa, kwenye neva au kile kiungo kinachoipelekea sauti. Chanzo mara nyingi hakijulikani. Mafuta hayafiki huko hata ukimwaga chupa nzima.

Kuna kajaribio: funga mdomo, vuma "mmmm". Sauti ikivutwa upande wa sikio bovu, huenda ni uchafu umeziba. Ikienda upande wa sikio salama, huenda ni neva. Ila yoyote itakayotokea nenda hospitali, uombe daktari wa masikio, pua na koo, wapime kwa mashine.

Dawa yenyewe ni steroidi, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Hapa ndipo wengi wanaogopa kwa ajili ya mtoto. Mimi si daktari, nimemaliza form four tu, lakini nilivyoeleweshwa ni hivi: vidonge vya prednisoloni sehemu kubwa huzimwa na kondo la nyuma kabla ya kumfikia mtoto. Ila vinaweza kupandisha sukari na presha, kwa hiyo daktari wa uzazi lazima ahusishwe. Njia nyingine ni sindano ya deksamethasoni kupitia ngoma ya sikio. Inatisha kusikia, lakini wanaweka ganzi, na dawa inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Dada alichagua hiyo.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa "lilianza lini?" Dada akajibu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mtoto alizaliwa salama. Sikio limerudi nusu: honi anasikia, ila simu bado anaipokea kwa sikio la kulia. Mwenye swali ashushe hapo chini.