Kinachoweka Akiba ni Kanuni, Si Akili ya Programu

Anayeishi Uingereza na kumiliki simu ya kisasa ameshakutana na tangazo la programu ya akiba. Unaiunganisha na akaunti yako ya benki, inapitia mapato na matumizi yako, kisha kila baada ya siku chache inachomoa pauni 7 leo, pauni 12 keshokutwa, na kuziweka kando bila wewe kunyanyua kidole. Moneybox, Plum na Chip ni miongoni mwa zilizojijengea jina tangu katikati ya miaka ya 2010. Wengi wetu huuliza mambo mawili: je, ni salama, na je, mtu huweka akiba zaidi kweli? Yote mawili yana majibu, lakini hayaeleweki vizuri bila kujua mfumo uliozizaa programu hizi. Ukiutazama mfumo huo kwa makini utaona kwamba kinacholeta akiba ni kanuni moja ya zamani, yaani fedha ziondoke kabla hazijatumika. Werevu unaonadiwa kwenye matangazo ni nyongeza tu, na mara nyingine nyongeza hiyo humtia mtu hasara.

Chimbuko lake ni ushindani wa benki. Agosti 2016 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu benki zinazohudumia watu binafsi na biashara ndogo. Iligundua kwamba ni asilimia 3 tu ya wateja binafsi waliohama benki katika mwaka mmoja, ingawa kwa kuhama wangeweza kuokoa wastani wa pauni 92 kwa mwaka. Benki kongwe zilikuwa zimezikalia taarifa za wateja wao, na kampuni changa haikuwa na njia ya kumwonyesha mteja kwamba kwingine kuna unafuu. Tiba ya CMA ilikuwa kuzilazimisha benki tisa kubwa, zikiwamo Barclays, HSBC, Lloyds, Santander, Nationwide na kundi la RBS, zifungue njia ya kidijitali ya aina moja ambayo kampuni yenye kibali ingeweza kuipitia mteja akiridhia. Njia hiyo ilifunguliwa Januari 13, 2018, siku ambayo kanuni mpya za malipo zilizotokana na sheria ya Umoja wa Ulaya nazo zilianza kutumika. Mfumo huo, tuuite benki wazi, ulifikisha watumiaji milioni 10 mwaka 2024.

Kabla ya hapo, programu iliyotaka kuona akaunti yako ilikuomba jina lako la kuingilia na nywila, kisha ikaingia benki kana kwamba ni wewe. Aliyekubali alikuwa amekabidhi kila kitu, na likitokea baya benki ingeweza kumwambia kwamba amekiuka masharti yake mwenyewe. Sasa mambo hayaendi hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kuunganisha akaunti, simu inakupeleka kwenye programu ya benki yako. Huko unajitambulisha kwa alama ya kidole au uso, unasoma unachoruhusu, unaridhia, halafu unarudishwa ulikotoka. Programu ya akiba haijaiona nywila yako hata herufi moja. Vibali vyenyewe ni viwili na vimetenganishwa: kuona taarifa za akaunti, na kuanzisha malipo. Kampuni yenye kibali cha kwanza pekee inaweza kusoma miamala yako lakini haiwezi kugusa hata peni. Kila baada ya siku 90 inalazimika kukuuliza kama bado unaridhia kusomwa, na unaweza kuifungia njia siku yoyote.

Upande wa malipo ulichelewa zaidi. Programu za mwanzo zilichota akiba kwa makato ya moja kwa moja kupitia Bacs, mtambo ulioanza mwaka 1968 na ambao huchukua siku tatu za kazi kukamilisha muamala. Shida yake ni rahisi kuiona. Programu inapiga hesabu Jumatatu kwamba una pauni 40 za ziada, lakini fedha zinakatwa Alhamisi, na katikati umelipa umeme na kununua tiketi ya mwezi ya treni. Julai 2021 CMA iliziagiza benki zile tisa ziwe na njia mpya ya malipo ya kujirudia yenye kiasi kinachoweza kubadilika, kwa ajili ya kuhamisha fedha kati ya akaunti za mtu yule yule, na mwaka 2022 njia hiyo ikaanza kuenea. Unaporidhia unaweka mipaka: kila malipo yasizidi kiasi fulani, na jumla ya mwezi isizidi kiasi fulani. Fedha hufika ndani ya sekunde, na benki hukataa ombi lolote linalovuka mpaka. Kwa mtumiaji wa kawaida, mipaka hiyo ina maana kubwa kuliko ahadi yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo.

Turudi sasa kwenye swali la kama watu huweka akiba zaidi. Ushahidi wenye nguvu unatoka kwenye mishahara, kabla simu hazijaingia katika jambo hili. Mwaka 2001 Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha utafiti kuhusu kampuni moja ya Marekani iliyobadilisha utaratibu wa mfuko wake wa uzeeni. Wafanyakazi walipotakiwa kujiandikisha wenyewe, waliojiunga katika miezi yao ya mwanzo kazini walikuwa asilimia 49. Walipoandikishwa moja kwa moja na kuachiwa uhuru wa kujitoa, wakafika asilimia 86. Mwaka 2004 Richard Thaler na Shlomo Benartzi walionyesha kwamba wafanyakazi waliokubali mapema kiwango chao cha akiba kipande kila mshahara unapoongezwa, walitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika muda wa miezi 40. Uingereza yenyewe ilianza kuwaandikisha wafanyakazi kwenye mifuko ya pensheni kwa njia hiyo mwaka 2012. Wala haya si mageni Afrika Mashariki: mwanachama wa Sacco nchini Kenya au Tanzania anayekatwa mshaharani na mwajiri anafanya jambo lile lile. Fedha asizozishika hazimpi kishawishi.

Benki wazi imeongeza kitu kimoja hasa, nacho ni kumpa uwezo huo mtu asiye na mwajiri wa kumkatia. Wengi wetu huku Uingereza tunafanya kazi za wakala katika nyumba za wazee, tunaendesha teksi za mtandaoni, au tunaunganisha vibarua viwili vinavyolipa siku tofauti. Kwa mtu kama huyo, kumwambia aweke pauni 200 kila tarehe 28 ni kumtafutia ugomvi na benki. Kumwambia asilimia 8 ya kila malipo yanayoingia iondoke siku ile ile kunawezekana, kwa kuwa programu inayaona malipo yakiingia na inaweza kuyahamisha papo hapo. Hapo teknolojia inaitumikia kanuni, na nadhani hapo ndipo thamani yake ilipo.

Mambo hubadilika pale programu inapopewa uhuru wa kukisia yenyewe ni kiasi gani "hutakikosa". Kuna kisa kilichothibitishwa na serikali. Agosti 2022 ofisi ya Marekani ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliitoza kampuni ya Hello Digit faini ya dola milioni 2.7. Kampuni hiyo ilikuwa imeahidi kwamba hesabu zake hazitamwingiza mteja kwenye ovadrafti, na kwamba ikitokea itamrudishia gharama. CFPB ilikuta kwamba hesabu hizo ziliwaingiza wateja kwenye ovadrafti, na kwamba wapo walioomba kurudishiwa wakakataliwa. Kasoro ya namna hii ni ya asili, kwa sababu hesabu hujifunza kutokana na yaliyopita. Kwa mtu mwenye familia upande wa pili wa bahari, yaliyopita ni mwalimu dhaifu. Desemba akaunti inaonekana tulivu, Januari zinakuja ada za shule za wadogo na wapwa, kisha msiba unaleta mchango usio na tarehe, na Idi haikai mwezi mmoja wa kalenda ya Kizungu. Wewe unayajua yote hayo kabla hayajafika. Programu itayajua yakishapita.

Wapo watakaosema kwamba akiba ya namna hii ni kiini macho: mtu anaweka kwa mkono wa kulia na kukopa kwa wa kushoto. Pingamizi hili lina uzito. Wachumi walewale waliosifu uandikishaji wa moja kwa moja wamerudi kuupima kwa muda mrefu. James Choi, David Laibson na wenzao walichapisha mwaka 2024 kazi iliyoonyesha kwamba faida yake ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu watu hubadilisha kazi na kutoa walichoweka. Na Uingereza deni lina bei kali. Tangu Aprili 2020, sheria ilipozitaka benki zitoze ovadrafti kwa riba moja ya mwaka iliyo wazi, benki nyingi kubwa ziliweka kiwango cha karibu asilimia 40. Mwenye pauni 100 kwenye akiba ya asilimia 4 huku akidaiwa pauni 100 za ovadrafti kwa mwaka mzima anapata pauni 4 na kulipa karibu 40. Ila somo la pingamizi hili linahusu mpangilio. Kanuni ile ile ya kukata kabla ya kutumia ielekezwe kwanza kwenye deni ghali, kisha kwenye akiba ya dharura. Fedha zile zile huondoka siku ile ile, ila zinakwenda kwingine.

Wengine watauliza: kwa nini tusitosheke na chama au mchezo, ambako watu wanatazamana usoni? Ni kweli kwamba programu haina aibu ya kijamii. Inakukatia, lakini pia inakurudishia kwa kubonyeza mara mbili saa sita usiku. Ushahidi unaunga mkono umuhimu wa kufuli. Utafiti wa Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa wateja wa benki moja ya Ufilipino akaunti isiyotolewa fedha hadi tarehe au lengo litimie. Ni asilimia 28 tu waliokubali kuifungua, lakini baada ya mwaka akiba ya kundi zima lililopewa nafasi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa alama 81 za asilimia kulinganisha na ambao hawakupewa. Kwa hiyo vitu hivi viwili havigombanii nafasi. Mchezo unafaa kwa fungu kubwa lenye kazi maalumu, kama kiwanja au nauli ya familia. Makato ya simu yanafaa kwa dharura, kwa sababu dharura haingoji zamu yako. Ukiyatumia kwa lengo la mbali, chagua akaunti yenye muda wa kutoa taarifa kabla ya kuchukua.

Kuhusu usalama, hatari kubwa iko mahali fedha zinapolala baada ya kuhamishwa, na watu wengi huangalia njia tu. Fedha zikilala katika benki yenye kibali cha Uingereza, mfuko wa fidia wa FSCS humlinda kila mteja katika kila benki hadi pauni 120,000, kiwango kilichopandishwa kutoka 85,000 Desemba 1, 2025. Zikilala katika pochi ya fedha za kielektroniki, kampuni inapaswa kuzitenga na mali zake, lakini fidia hiyo haitolewi kampuni yenyewe ikianguka. Tofauti hii iliwatoa watu machozi Marekani mwaka 2024. Synapse, kampuni iliyokaa kati ya programu kama Yotta na benki, ilifilisika, wateja wakafungiwa fedha zao, na msimamizi wa mahakama akakuta pengo la kati ya dola milioni 65 na 96. Bima ya amana haikuwasaidia, kwa kuwa hakuna benki iliyoanguka. Kabla ya kuunganisha chochote, tafuta jina la kampuni kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha Uingereza, kisha uliza: fedha zangu zitakuwa benki gani, na kwa jina la nani?

Halafu piga hesabu ya ada. Tuseme programu inatoza pauni 3 kwa mwezi, nawe unaweka pauni 50 mwanzoni mwa kila mwezi kwa riba ya asilimia 4. Mwisho wa mwaka umeweka 600, lakini salio lako la wastani lilikuwa 325, kwa hiyo riba ni pauni 13. Ada ni 36. Umelipa pauni 23 ili ukatiwe fedha zako mwenyewe. Kwa Mwislamu anayeikwepa riba, hesabu ni nyepesi zaidi: benki kama Al Rayan na Gatehouse zina akaunti za akiba zinazolipa mgawo wa faida na zimo chini ya FSCS, na kanuni ya makato haihitaji riba ili ifanye kazi.

Kutokana na haya yote, uamuzi unategemea namna unavyolipwa. Mwenye mshahara usiobadilika haihitaji programu ya kulipia. Agizo la kudumu kutoka benki yake kwenda akaunti ya akiba, siku moja baada ya mshahara, ni bure na hufanya kazi ile ile. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka anapata faida ya kweli kutoka benki wazi, mradi achague asilimia yake mwenyewe, azime hesabu za kukisia, aweke mpaka wa mwezi kwenye kibali cha malipo, na apunguze asilimia hiyo Desemba kabla ada za Januari hazijagonga mlango.