Kutoka gesi ya vita hadi dawa ya malale

Ngozi ya binadamu ikipata iperiti, ile sumu ya vita iitwayo gesi ya haradali, haiumi papo hapo. Saa kadhaa hupita kwanza, kisha inageuka nyekundu na kuota malengelenge makubwa yaliyojaa maji. Wanyama wengi wa maabara hawapati malengelenge ya namna hiyo. Ngozi ya panya huvimba na kufa, lakini malengelenge yake ni madogo mno hata huhitaji hadubini. Ndiyo maana watafiti huchagua mnyama kufuatana na swali walilo nalo: sikio la panya kwa kupima uvimbe, kobayi wa aina isiyo na manyoya, au nguruwe, ambaye ngozi yake ni nene, ina manyoya machache na imeshikamana na mafuta yaliyo chini yake, kama yetu.

Sumu hii imefika Afrika. Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia ziliimwaga Ethiopia, ingawa Italia ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayoikataza. Wakulima na askari waliopita peku kwenye majani yenye sumu waliungua nyayo.

Lakini kwa msomaji wa Kamina au Bukama, ambaye mbung'o, nzi anayeeneza malale, si mgeni kwake, hadithi iliyo karibu zaidi inatoka kwa sumu nyingine ya malengelenge, lewisiti. Hii ina aseniki ndani yake. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Rudolph Peters na wenzake wa Oxford walitafuta kinga dhidi yake. Peters alikuwa amechunguza kwa miaka ubongo wa njiwa waliokosa vitamini B1, akijifunza jinsi chembe hai zinavyopata nguvu kutoka kwenye sukari. Ujuzi huo wa njiwa ulimfaa: ulionyesha kwamba aseniki hung'ang'ania salfa iliyo katika protini zinazofanya kazi hiyo, na kazi ikasimama. Wakatengeneza BAL, kemikali yenye salfa mbili zinazoivuta aseniki na kuishika yenyewe. Panya waliokuwa wamepakwa lewisiti walipona walipotibiwa kwa BAL.

Hapo ndipo daktari Ernst Friedheim alipoingia. Alikuwa na dawa ya aseniki inayoua vimelea vya malale, au tripano kama wauguzi wengi wa Kongo wanavyosema, lakini ilikuwa kali mno kwa mgonjwa. Aliiunganisha na BAL, na mwaka 1949 ikapatikana melasoproli, iliyojulikana hospitalini kwa jina la Arsobal. Iliweza kumponya mgonjwa ambaye vimelea vimeshaingia ubongoni. Bei yake ilikuwa ya kutisha. Iliunguza mishipa, ilihitaji bomba la sindano la kioo kwa kuwa kimiminika chake huharibu plastiki, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa iliua takribani 5. Mwaka 1998, Kongo ilipoandikisha zaidi ya wagonjwa 26,000, wauguzi wengi hawakuwa na dawa nyingine ya kumpa mgonjwa aliyefika hatua hiyo ya pili, ya ubongoni. Naamini wagonjwa hao wanastahili kutajwa kila historia ya BAL inaposimuliwa, na wauguzi waliowachoma sindano hiyo pia.

Leo kuna feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa nchini Kongo, utafiti ukiongozwa na Dk. Victor Kande, na kukubaliwa mwaka 2018.

Iperiti haijapata BAL yake. Inapenya ngozini kwa dakika chache na kuharibu DNA ya chembe za chini kabla mtu hajahisi kitu, kwa hiyo dawa inayopakwa baada ya malengelenge kutokea inafika wakati kazi ya sumu imeshakwisha. Madaktari huvua nguo za mgonjwa, humwosha haraka, kisha humtibu kama aliyeungua moto. Kidonda hicho huchelewa kupona kuliko cha moto, na watafiti wengi huchunguza kuchelewa huko kwa nguruwe.