Tabo ya pikapu: Pima upepo kabla ya kukaza nati

Pikapu inayoondoka Homa Bay alfajiri ikiwa na shehena ya samaki wa soko la Kisii huwa na mlima wa kupanda. Mji wa Homa Bay umo kando ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisii iko katika mwinuko wa karibu mita 1,700. Mwinuko huo wote hukwewa katika safari moja, na barafu iliyofunika samaki haimsubiri dereva.

Hali haina tofauti kubwa kwa wanaosafirisha samaki kutoka Sori na Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori. Gari likiishiwa nguvu njiani, hasara haimfikii mwenye gari peke yake, bali pia mchuuzi anayesubiri sokoni na mvuvi aliyekesha ziwani.

Ndiyo sababu dereva ambaye gari lake limeanza kusuasua mlimani hushawishika upesi akiambiwa kwamba tiba ni kukaza nati moja tu kwenye tabo ili upepo uongezeke. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Hata hivyo, nati hiyo ikikazwa bila kipimo inaweza kumgharimu mwenye gari injini nzima.

Tabo ni kifaa chenye magurudumu mawili madogo ya mabapa yaliyounganishwa kwa mtaimbo mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili, lililo upande wa hewa safi, huzunguka pamoja nalo na kushindilia hewa ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka wa 1905. Katika pikapu za leo, mtaimbo huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya injini.

Kasi hiyo isipodhibitiwa, tabo hujiharibu yenyewe. Katika injini nyingi za zamani, kama vile Isuzu 4JA1 na Mitsubishi 4D56 zenye tabo, udhibiti hufanywa na kikopo chenye kiwambo na springi ndani yake. Mpira mwembamba hupeleka upepo wa tabo kwenye kikopo hicho. Upepo ukifikia kiwango kilichowekwa, kiwambo husukuma ufito unaofungua lango dogo, na sehemu ya moshi hupita pembeni bila kuzungusha gurudumu.

Nati inayozungumziwa imo kwenye ufito huo. Ufito ukifupishwa, springi hukazika zaidi, lango huchelewa kufunguka na upepo huongezeka. Ukirefushwa, lango hufunguka mapema na upepo hupungua.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba upepo pekee hauongezi nguvu katika injini ya dizeli. Nguvu hutokana na mafuta yanayoungua. Kazi ya hewa ni kuyawezesha kuungua yote. Moshi mweusi ni ishara kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa iliyopo. Swali la kwanza la fundi, basi, linafaa kuwa: hewa iliyokuwa ikitosha jana imepotelea wapi leo?

Mara nyingi jibu haliko kwenye nati. Vumbi la barabara za murramu za Nyatike huziba chujio la hewa mapema kuliko ratiba ya kawaida ya matengenezo. Mipira inayotoa hewa kwenye tabo na kuipeleka kwenye kipoza hewa hupasuka, hasa inapolowa mafuta, na vifungo vyake hulegea. Ufa mdogo ambao hauonekani injini ikinguruma bila mzigo hufunguka wazi gari linapopanda mlima. Anayeongeza upepo kabla ya kuziba ufa huo anailazimisha tabo kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa inayomwagika nje. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpira mwembamba wa kikopo nao una hatari yake. Ukitoboka au ukichomoka, kikopo hakipati upepo na lango halifunguki. Hapo upepo huzidi kiasi, na dereva huenda akafurahia nguvu mpya asijue kwamba anaichosha injini.

Mwinuko wa eneo la ziwa huongeza uzito wa suala hili. Huko Mombasa, hewa ya kawaida ina msukumo wa paundi 14.7 hivi kwa kila inchi ya mraba. Homa Bay, msukumo huo ni paundi 12.8 hivi. Geji ya tabo huonyesha nyongeza tu iliyo juu ya msukumo wa kawaida. Kwa hivyo, geji ikisoma paundi 10 Mombasa, injini hupata jumla ya paundi 24.7, ikisoma paundi hizo hizo Homa Bay, hupata 22.8.

Anayetaka injini yake ya Homa Bay ipate kile inachopata Mombasa atalazimika kupandisha geji hadi karibu paundi 12. Nyongeza ya paundi mbili yaonekana ndogo. Lakini tabo iliyokuwa ikizidisha hewa mara 1.7 Mombasa sasa itatakiwa kuizidisha mara 1.9, na gari likifika Kisii kazi hiyo huwa ngumu zaidi. Tabo huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, hewa hutoka ikiwa na joto jingi zaidi, na ule utando wa mafuta unaobeba mtaimbo hupata taabu. Kipimo kilichofaa pwani hakiwezi kuhamishwa tu hadi ziwani.

Fundi mwangalifu hufuata utaratibu. Kwanza hukagua chujio, mipira, vifungo na mianya ya moshi kabla ya tabo. Kisha hukijaribu kikopo kwa pampu ndogo yenye geji, akiangalia ufito unaanza kusogea kwa paundi ngapi, na kulinganisha na kitabu cha mtengenezaji. Baada ya hapo hufunga geji kwenye njia ya hewa iingiayo kwenye injini, na gari hupelekwa mlimani likiwa na mzigo wake wa kawaida. Dereva huendesha, mwenzake husoma geji.

Ikidhihirika kwamba upepo uko chini ya kiwango cha mtengenezaji na hakuna mahali panapovuja, ndipo nati huguswa. Huwekwa alama, huzungushwa mzunguko mmoja tu, na gari hujaribiwa tena. Kiwango kikifikiwa, kazi imekwisha.

Kwa magari mapya zaidi hadithi ni nyingine. Toyota Hilux yenye injini ya 1KD-FTV, kwa mfano, ina tabo ambayo mabapa yake madogo husogezwa kwa amri ya kompyuta. Skrubu ya kuyakomesha mabapa hayo hupangwa kiwandani, na haifai kuguswa gereji. Kihisi cha injini kikigundua upepo uliopita kiasi, kompyuta huweza kupunguza mafuta ili kuinusuru injini. Aliyetafuta nguvu hujikuta na gari zito kuliko awali. Humo ugonjwa hutafutwa kwa mashine ya kusoma hitilafu, na mara nyingi hupatikana kwenye masizi yaliyokwamisha mabapa, vihisi vichafu au nyaya.

Hatari kubwa kabisa huja pale ambapo upepo na mafuta vyote huongezwa kwa pamoja ili kubeba shehena iliyozidi. Pistoni za injini hizi kwa kawaida ni za alumini, madini yanayoyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi. Joto likizidi uwezo wa mafuta na maji kulipoza, pistoni hutoboka au kichwa cha injini hupasuka. Isitoshe, hakuna nati ya tabo inayoongeza uwezo wa breki, na mlima uliopandwa lazima uteremkwe wakati wa kurudi.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari litunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara, na kanuni za ubora wa hewa za mwaka wa 2014 zinadhibiti moshi wa magari.

Dereva anaweza kurefusha maisha ya tabo bila spana yoyote. Abadilishe mafuta ya injini kwa wakati, asafishe chujio kila anapotoka kwenye vumbi, na baada ya kupanda mlima aiache injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili mafuta yaendelee kuupoza mtaimbo. Na fundi akimwambia kwamba nati inahitaji kukazwa, amwombe kwanza amwonyeshe geji inasoma nini.